Msikiti wa fito na udongo, nani ataupima?

*Wasomi wa usanifu wa Kiislamu wa zama za kati wameijaza Kilwa, Tongoni na Kizimkazi katika vitabu vyao. Korogwe na Handeni, mwendo mfupi kutoka pwani hiyo hiyo, hazimo.*

Na Mwandishi Wetu

Ukivuka Ruvu, yaani mto Pangani, ukaiacha Korogwe mjini, ukashika lami ya Handeni, misikiti inayokupokea barabarani ni ya tofali za saruji, bati la rangi na kuba dogo juu ya lango. Ni majengo ya juzi. Ukitaka ya zamani, sharti utoke kwenye lami.

Huko ndani, katika vijiji vya Wazigua, bado unaweza kuukuta msikiti wa miti na udongo. Nguzo zimechimbiwa ardhini, fito zimefungwa kwa kamba, udongo umekandikwa kwa mikono. Upande mmoja ukuta umetokeza nje kwa upana wa mabega ya mtu. Hiyo ni mihrabu. Ndani mna mikeka, na mwanga unaingia kwa mlango.

Mara nyingi, hatua chache kutoka hapo, pana rundo la tofali. Wanakijiji wamechanga, au mfadhili amejitokeza, na msikiti mpya uko njiani. Desturi inajulikana: swala huendelea katika ule wa zamani mpaka mpya upauliwe, kisha wa zamani hubomolewa na udongo wake husawazishwa. Haji mtu na futi kamba. Haipigwi picha wala hauchorwi mchoro, na jina la fundi aliyeusimamisha halijulikani nje ya kijiji.

Si kwamba taaluma ya kazi hiyo haipo. Usanifu wa Kiislamu wa zama za kati ni fani kamili yenye maprofesa, majarida na idara zake. Chuo Kikuu cha Harvard na jirani yake MIT wana programu nzima ya Aga Khan ya fani hiyo tangu 1979. Pwani ya Waswahili imo katika fani hiyo kwa heshima zote. Ila ukifunua ramani za vitabu vyake, vituo vinafuatana ufukweni kama shanga: Lamu, Gedi, Tongoni, Kaole, Kilwa. Ukiingia bara kilomita mia moja kutoka baharini, ramani ni nyeupe.

Safari moja, macho mawili

Weupe huo una historia, na sehemu yake ilianzia mkoani Tanga.

Mwanzoni mwa 1857 Waingereza wawili, Richard Burton na John Hanning Speke, walifika Tongoni, kusini ya mji wa Tanga. Walikuta gofu la msikiti na makaburi ya mawe, mengine yakiwa na nguzo ndefu zilizosimama kichwani. Burton alipachunguza kwa makini. Aliandika kuhusu kigae cha kung'aa chenye maneno ya Kiajemi kilichokuwa kwenye kaburi mojawapo. Leo Tongoni ni eneo la kumbukumbu linalotunzwa na serikali, lina makaburi zaidi ya 40, na nguzo zake nyingi zimekwisha kuanguka.

Kutoka hapo wasafiri hao walikwenda Pangani, wakapanda bonde la Ruvu, wakapita nchi ambayo sasa ni wilaya ya Korogwe, wakafika Vuga kwa Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa Washambaa. Yote hayo yalikuwa ndani ya wiki chache. Lakini kalamu ilibadilika. Pwani, Burton alikuwa mtu wa mambo ya kale. Bara alikuwa mtu wa biashara na siasa, anayehesabu pembe na kuwapima machifu. Jengo la bara halikumsimamisha.

Kumlaumu yeye peke yake si haki. Wasomi waliomfuata, wengi wao wakiwa na elimu kumzidi, walifanya vivyo hivyo kwa zaidi ya miaka mia moja.

Watu wa futi kamba

Mwaka 1922 msomi wa Uswisi, Samuel Flury, alichapisha uchambuzi wa maandishi ya Kiarabu ya mtindo wa kufi katika msikiti wa Kizimkazi, Unguja. Maandishi hayo yana tarehe: mwaka 500 Hijria, sawa na 1107 Miladia. Kwa mtu wa fani hii, tarehe iliyochongwa ukutani ni dhahabu. Inampa msumari wa kutundikia majengo mengine yote yasiyo na tarehe.

Mwaka 1957 Tanganyika ilipata mtunzaji wake wa kwanza wa mambo ya kale, Neville Chittick. Ndiye aliyeichimba Kilwa kwa miaka mingi. Matokeo aliyatoa 1974 katika vitabu viwili vizito. Kwa Chittick, miji ya mawe ilikuwa kimsingi kazi ya wageni kutoka ng'ambo, na mwambao ulitazama baharini. Bara palikuwa ni mahali pa kutoa pembe na watumwa.

Mwingine ni Peter Garlake, ambaye kazi yake ndiyo inayonivutia zaidi. Alisomea usanifu majengo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alipata ufadhili wa kupima magofu ya pwani, akapita kila gofu na kamba yake, akachora misikiti, nyumba na makaburi kwa mkono. Kitabu chake juu ya usanifu wa awali wa Kiislamu wa pwani ya Afrika Mashariki kilitoka 1966, na hadi leo mwanafunzi wa fani hii huanza nacho. Baada ya kazi hiyo ya kupima alikwenda Rhodesia kuwa mkaguzi wa majengo ya kale. Huko serikali ya walowezi haikutaka kusikia kwamba Zimbabwe Kuu ilijengwa na Waafrika. Garlake alishikilia ukweli huo, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 akalazimika kuondoka.

Mtu huyo huyo aliyepoteza kazi kwa kutetea mikono ya Waafrika, alipokuwa kwetu hakupima ukuta hata mmoja wa udongo. Sababu si dharau. Sababu ni kipimo chenyewe alichofundishwa.

> Fani ilijifunza kusoma jiwe, ikalisoma vizuri mno, mpaka ikasahau kwamba jiwe lilikuja baadaye.

Na jiwe la pwani lina raha yake ya kusomwa, tukiri. Matumbawe laini hukatwa baharini yakiwa hai na mabichi, huchongwa haraka kabla hayajakauka, kisha hugeuka magumu hewani. Ndiyo maana mihrabu za kale zina nakshi nyembamba ambazo jiwe gumu la nchi kavu lisingezikubali. Mawe ya matumbawe magumu huchimbwa ardhini na kujengewa kwa chokaa, nayo chokaa hupatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya tanuri la magogo. Paa hubebwa na boriti za mikoko. Kwa kuwa boriti haizidi urefu fulani, chumba nacho hakizidi upana fulani, na msikiti ukitaka kupanuka ni lazima uongeze safu za nguzo. Mtaalamu akiona upana wa chumba anajua mti gani ulikuwa juu.

Korogwe hakuna matumbawe. Kuna udongo mwekundu, miti ya msituni, fito na nyasi. Kwa hiyo, kwa kipimo cha vitabu, hakuna cha kusoma.

Chini ya jiwe, mashimo ya nguzo

Pigo kwa kipimo hicho lilitoka Shanga, kisiwani Pate, Kenya. Katika miaka ya 1980 Mark Horton na wenzake walichimba chini ya gofu la msikiti wa Ijumaa. Walikuta misikiti chini ya msikiti, mmoja juu ya mwingine. Ya chini kabisa, inayorudi karne ya 8, haikuwa ya mawe. Ilikuwa ya miti. Kilichobaki ni mashimo ya nguzo na rangi ya udongo. Matumbawe yalifuata vizazi vingi baadaye, juu ya kiwanja kile kile.

Kwa maneno mengine, Uislamu wa pwani yetu ulianza kusali ndani ya jengo ambalo fundi wa Handeni angelitambua mara moja.

Ushahidi mwingine ulikuwepo siku zote, ila ulikuwa unasumbua. Ibn Battuta alipita pwani hii mwaka 1331. Aliisifu misikiti ya Mombasa na kusema ilijengwa kwa mbao, kwa ustadi. Hata Kilwa aliandika habari za miti. Wasomi wa mawe walihangaika na ushuhuda huo, maana Kilwa ya wakati ule tayari ilikuwa na Msikiti Mkuu wa matumbawe. Wengine wakadhani amekosea. Mimi naona rahisi zaidi kuamini kwamba mtu aliyetembea kutoka Tanja mpaka Afrika Mashariki alijua kutofautisha mti na jiwe, na kwamba mji ulikuwa na vyote viwili.

Tukienda mbali zaidi, mzizi wa msikiti wowote duniani ni Madina. Kila aliyepita chuoni anajua: msikiti wa Mtume ulikuwa wa matofali ya udongo, nguzo zake magogo ya mitende, paa lake makuti. K. A. C. Creswell, aliyechukuliwa kuwa baba wa fani hii na ambaye juzuu za kitabu chake juu ya usanifu wa awali wa Kiislamu zilianza kutoka 1932, aliiona Arabuni ya wakati huo karibu haina usanifu wowote. Msomi aliyetumia maisha yake kupima misikiti alianza kwa kuutoa hesabuni ule wa kwanza, kwa sababu ya udongo.

Siku hizi kasoro hiyo imepungua. Msikiti wa Djenné, Mali, uliojengwa upya 1907 na kukandikwa upya na wananchi kila mwaka, umo katika orodha ya Urithi wa Dunia pamoja na mji wake tangu 1988. Stéphane Pradines, mwanaakiolojia Mfaransa aliyechimba sana pwani yetu, alitoa mwaka 2022 kitabu juu ya misikiti ya kihistoria ya Afrika kusini ya Sahara, kikianzia Timbuktu na kuishia Zanzibar. Udongo umeingia. Lakini umeingia kwa sababu Djenné ni mkubwa na unapendeza kwenye picha. Msikiti wa safu tatu za watu, uliojificha nyuma ya migomba, bado uko nje ya mlango.

Bonde la Ruvu

Hivi bara ya Tanga inastahili kuhusishwa na zama za kati hata kidogo? Wapo wanaosema hapana. Uislamu, wanasema, ulipanda huku na misafara ya karne ya 19, hivyo misikiti ya Handeni na Korogwe ni ya jana.

Hoja hiyo ina ukweli. Katika karne ya 19 bonde la Ruvu lilikuwa njia kuu ya kwenda Upare na Kilimanjaro. Semboja, mtoto wa Kimweri, aliacha fahari ya mlimani Vuga akaweka makao Mazinde, chini, misafara ilikopita, akawa karibu na watu wa pwani, bunduki zao na kalamu zao. Habari za nasaba hiyo, ya Wakilindi, tunazo kwa Kiswahili kutokana na Abdallah bin Hemedi, mwandishi wa Habari za Wakilindi, Mwislamu aliyeyajua mambo ya Wakilindi kwa karibu. Upande wa Uzigua, Bwana Heri wa Saadani, Mzigua na Mwislamu, alipigana na Wajerumani mwaka 1889 akiwa na jamaa zake wa bara nyuma yake.

Waislamu waliokaa Mazinde kwa Semboja walisali mahali. Mahali hapo hapako katika kitabu chochote cha usanifu.

Thomas Biginagwa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ndiye aliyeingia katika vituo hivyo vya misafara kwa jembe na chekeche. Alichimba Korogwe ya zamani, Ngombezi na Kwa Sigi, makazi ya kando ya Ruvu ambako wasafiri walipumzika na kununua chakula, na shahada yake ya uzamivu alitunukiwa 2012 na Chuo Kikuu cha York. Alitazama zaidi mifupa ya wanyama: nani alikula nini, na mahitaji ya misafara yaliwafanya nini wafugaji na wakulima. Ni kazi ya mtu wa hapa juu ya udongo wa hapa, na inapaswa kujulikana Korogwe kuliko inavyojulikana.

Lakini uhusiano na bahari haukuanza na Semboja. Jonathan Walz, Mmarekani, alilipekua bonde la chini la Ruvu na kumaliza tasnifu yake Chuo Kikuu cha Florida 2010. Katika maeneo ya Mombo alipata shanga za kioo na makombe ya baharini, pamoja na shanga zilizotengenezwa papo hapo kwa gamba la konokono wa nchi kavu, katika makazi yaliyokuwa hai takriban miaka elfu moja iliyopita. Huo ni wakati wa misikiti ya Shanga. Kabla yake, katika miaka ya 1960, Robert Soper alikuwa ameonyesha kwamba vyungu vya Usambara na Upare vina undugu na vya pwani. Na Felix Chami, tangu kitabu chake cha 1994, amekuwa akisisitiza kwamba waliojenga miji ya pwani walikuwa wakulima na wafua chuma wa nchi hii hii, wenye vyungu vya namna moja pwani na bara.

Hakuna anayedai kwamba Mombo palikuwa na msikiti karne ya 10. Kinachodaiwa ni kwamba njia ilikuwepo, watu walikuwa wale wale, na ufundi wa nguzo na fito ulikuwa mmoja. Pwani ilipopata utajiri ikahamia kwenye matumbawe. Bara haikuhama.

> Pwani ilipopata utajiri ikahamia kwenye matumbawe. Bara haikuhama.

"Udongo hauna tarehe"

Hoja nzito zaidi ya wasomi wa mawe ni ya kitaalamu. Udongo hauna tarehe. Ukuta unakandikwa upya baada ya kila masika, fito hubadilishwa mchwa wakishamaliza kazi yao, paa la nyasi hugeuka bati. Baada ya miaka 50 hakuna kipande cha mwanzo kilichobaki. Utausomaje?

Jibu langu ni kibla. Kutoka Korogwe na Handeni, Makka iko karibu kaskazini kamili, ikiegemea mashariki kidogo tu. Kabla ya dira kuenea, mwalimu aliyepanga mihrabu aliamua kwa jua, kwa nyota, au kwa kuiga msikiti aliosomea. Alikosea kidogo, na kosa lake ni saini. Ukuta hukandikwa upya kila mara, lakini kibla haisogezwi kila mara. Misikiti kumi yenye kosa la namna moja ingedokeza mwalimu mmoja au chuo kimoja, na yenye kosa la Pangani ingetofautiana na yenye kosa la Saadani. Hiyo ni kazi ya kisomi isiyohitaji jiwe.

Upande wa pili wako waumini, na wana haki kuliko wasomi wote. Msikiti wa udongo huvuja. Ni mdogo, wanawake hawapati nafasi, nyoka hujificha kwenye nyasi. Kumwambia mzee wa Handeni asivunje kibanda ili profesa apate makala ni ufedhuli. Sijasikia sababu yoyote ya kuwazuia watu kusali mahali pakavu.

Ninachosikitikia ni kingine. Michoro ya misikiti mipya mara nyingi huja na fedha zake, na fedha zikitoka Ghuba huja na kuba na minara miwili. Misikiti ya kale ya Waswahili, tofauti na hiyo, kwa kawaida haikuwa na mnara. Muadhini alipanda ngazi fupi hadi paani. Fundi wa kijiji anayejenga bila mnara kwa kukosa fedha anafuata mila ya miaka mia kadhaa, na hakuna aliyemwambia.

Njia ya mwanafunzi

Tuseme binti wa kidato cha sita Korogwe anataka kuifanya kazi hii. Atapitia wapi?

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimefundisha akiolojia tangu 1985, na wengi wa wanaakiolojia wetu wametoka hapo. Atajifunza kuchimba, kuchora, kupanga vigae. Kisha atahitaji Kiarabu cha kutosha kusoma kaburi, na Kijerumani, kwa kuwa maafisa wa 1890 hadi 1914 waliandika mengi kuhusu Handeni na Korogwe. Lugha hizo mbili hufundishwa katika majengo tofauti kabisa na akiolojia. Historia ya sanaa ya Kiislamu ataikuta London, Oxford au Boston, kwa ufadhili, na huko atasomeshwa Kairo, Isfahani na Kordoba kabla ya kufika kwao. Akirudi, ajira ni Idara ya Mambo ya Kale, Makumbusho ya Taifa, au chuo kikuu, na nafasi ni za kuhesabika.

Ana faida moja ambayo Garlake hakuwa nayo. Kizigua au Kisambaa ni lugha ya nyumbani kwake. Anaweza kumuuliza bibi ni nani aliyekandika kibla, alitoka wapi, na alilipwa nini, naye bibi akajibu bila mkalimani.

Mwaka 1863

Sheria haitamsaidia sana. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 huhesabu jengo kuwa la kale, bila tangazo lolote, iwapo lilijengwa kabla ya mwaka 1863. Mlango wa kuchonga umefunguliwa dirisha pana zaidi: unalindwa ukiwa umechongwa kabla ya 1940. Ukuta wa udongo hauwezi kuthibitisha 1863 hata kama kiwanja chake ni cha zamani zaidi, kwa hiyo unabaki nje, labda waziri autangaze kwa jina. Waziri hawezi kutangaza kitu ambacho hakuna aliyemletea mchoro wake.

Mchoro wenyewe si kazi ya mwezi. Kwa msikiti wa ukubwa huo, watu wawili wenye futi kamba, dira na daftari huumaliza asubuhi moja, na alasiri wakakaa na wazee. Kinachohitajika ni wafike kabla ya bati la msikiti mpya. Huo mpya huelekezwa kwa dira ya simu, sawasawa kabisa, na ule wa zamani ukishasawazishwa pembe yake haipimiki tena.